Jenerali wa Butiama: Mizinga, Hesabu na Utii

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Musoma, na mmoja wao ambaye ni mtumishi wa serikali.)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nichague jambo lolote litakalowafaa vijana. Mtumishi wa serikali akipewa uhuru wa namna hiyo, hatari yake ni kwamba atazungumzia taratibu za ofisi. Msiwe na wasiwasi. Mafaili nimeyaacha yalipo. Nimechagua kuzungumzia mtu mmoja wa mkoa wetu na kazi aliyoifanya wakati wa vita. Mtu huyo ni Jenerali David Bugozi Musuguri wa Butiama, aliyefariki dunia mwezi Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104.

Nina sababu ya kumchagua. Hapa Musoma, na pale stendi ya Bunda, na hata Butiama kwenyewe, nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba Musuguri alimshinda Idi Amin kwa sababu watu wa Mara ni wakali. Husemwa kwa kicheko na kwa fahari, na wanaosikiliza huitikia. Vijana wengi wa mkoa huu huingia jeshini wakiwa na imani hiyo mioyoni, kwamba askari ni ukali. Mimi nadhani maneno hayo, ingawa husemwa kwa nia ya kumsifu, yanampunguzia mzee huyo heshima yake. Ukali hata Amin alikuwa nao. Kama vita vingekuwa vya ukali peke yake, sijui nani angeshinda.

Kwa hiyo leo nataka tuitazame kazi yake kwa utulivu, tuone kilichomfikisha Kampala.

Kutoka Butiama hadi Keya

Musuguri alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Miaka miwili baadaye, Aprili 1922, katika kijiji hicho hicho alizaliwa Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito. Mwaka 1934 Kambarage aliletwa hapa Musoma, Shule ya Mwisenge, akaishika njia ya chaki. Mwaka 1942 Musuguri akaingia Keya, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, akaishika njia ya bunduki. Zaidi ya miaka thelathini ilipita kabla njia hizo mbili hazijakutana katika vita, yule mwalimu akiwa Amiri Jeshi Mkuu na yule askari akiwa kamanda wake mstari wa mbele.

Vijana wa leo huenda hamjui Keya ilikuwa jeshi la namna gani. Mwaka huo wa 1942 askari wa Keya walipelekwa kupigana Madagaska, na miaka miwili baadaye walikuwa katika misitu na matope ya Burma, wakipigana na Wajapani kwa ajili ya mfalme ambaye hawajapata kumwona. Mwafrika katika jeshi hilo hakuweza kuwa ofisa. Angeweza kujua kazi kuliko bwana mdogo aliyetoka Uingereza wiki iliyopita, lakini angempigia saluti bwana mdogo huyo. Hata miaka ya hamsini ilipokuwa inaelekea mwisho, cheo kikubwa alichoweza kukitumaini kilikuwa efendi, nacho kilikuwa chini ya ofisa wa chini kabisa wa Kizungu.

Musuguri alivumilia katika jeshi hilo karibu miaka ishirini kabla ya Uhuru. Mwaka 1947 alikuwa sajini, akawa mwalimu wa askari katika kambi ya Kahawa, Kenya. Huko Kahawa alikutana na askari mmoja kijana kutoka Uganda, mwenye mwili mkubwa, jina lake Idi Amin.

Naomba tusimame kidogo hapo. Watu hawa wawili walitoka jeshi moja. Walifundishwa gwaride moja, lugha moja ya amri, bunduki moja, na adhabu moja kwa mwenye makosa. Wote wawili walipanda vyeo kutoka chini, wala hapana aliyebebwa. Sisi tuliosoma shule moja tunalijua jambo hili vizuri. Tunakaa darasa moja, tunakula ugali wa sufuria moja, tunachapwa fimbo moja, na baada ya miaka ishirini mmoja ni daktari na mwingine hasalimiwi na majirani zake. Shule humpa mtu ujuzi, na ujuzi ule ule mtu anaweza kuutumikia au kuutumia kuwatawala wenzake.

Nani amtii nani

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na kesho yake uasi ukafika Tabora. Jeshi tulilolirithi kwa Mwingereza lilikuwa bado lina mabwana wa Kiingereza juu yake, na askari walikuwa na madai ya mishahara na vyeo. Lakini madai yakishadaiwa kwa mtutu wa bunduki huwa si madai tena. Uasi ulizimwa, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Musuguri alikuwa miongoni mwa maofisa waliotoka jeshi la zamani wakaendelea na kazi katika jeshi jipya. Fundisho la mwaka ule lilikuwa moja tu, kwamba bunduki iwe chini ya wananchi na viongozi waliowachagua.

Uganda mambo yalikwenda upande mwingine. Tarehe 25 Januari 1971 Amin, akiwa mkuu wa jeshi, aliipindua serikali ya Milton Obote na kujifanya Rais. Bunduki iliyokuwa ilinde nchi ikageuka ikaikalia nchi. Watu waliouawa katika miaka minane ya utawala wake hupigiwa hesabu kwa makumi na mamia ya maelfu.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaiteka sehemu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800, katika mkoa ambao siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi. Waliua raia, wanaokadiriwa kufika 1,500, wakapora ng'ombe, wakabeba mitambo ya kiwanda cha sukari. Tarehe 3 Novemba wakalivunja daraja la Kyaka ili tusivuke. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alikuwa amekwisha kulitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo.

Sababu na nia hazikuwa na shaka. Uwezo ndio uliotaka kazi. Jeshi letu lilikuwa na watu pungufu ya 40,000, na wengi wao walikuwa mbali sana na Kagera. Katika muda wa majuma machache likaongezwa mpaka likapita 100,000, pamoja na wanamgambo wapatao 40,000 kutoka vijijini. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vifaa. Treni zilikwenda Mwanza, na kutoka Mwanza meli zikavuka ziwa hili tunaloliona hapa dirishani, kwenda Bukoba.

Mzinga hauna hasira

Musuguri mwenyewe alikuwa askari wa miguu kwa malezi yake, maana Keya ilikuwa jeshi la askari wa miguu. Lakini vita alivyokuja kuviongoza, akiwa Meja Jenerali na kamanda wa Divisheni ya 20, vilikuwa kwa sehemu kubwa vita vya mizinga. Kwa hiyo ni lazima niwaeleze vijana mzinga hufanya kazi namna gani, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Askari mwenye bunduki humwona anayempiga. Mpiga mizinga hamwoni. Adui yuko nyuma ya kilima, umbali wa kilomita kumi au ishirini. Kwa hiyo mbele kabisa, juu ya mti au mwamba, hukaa mwangalizi mwenye darubini, ramani na simu ya upepo. Yeye hutaja mahali. Nyuma, penye mizinga, mwingine hupiga hesabu ya umbali, kimo cha ardhi, upepo na uzito wa kombora, kisha huamua mtutu uelekezwe wapi na uinuliwe kiasi gani. Kombora la kwanza hufyatuliwa. Mwangalizi huona lilipoanguka, husahihisha: ongeza mita mia mbili, kulia mita hamsini. Hesabu hurudiwa. Baada ya hapo ndipo mizinga yote hunguruma.

Nyinyi mlioko Kidato cha Tatu mnauliza hesabu za pembe zitawafaa nini maishani. Chukueni kalamu. Mtutu ukikosea upande kwa digrii 1 tu, kombora likasafiri kilomita 20, litaanguka karibu mita 350 kutoka pale lilipotakiwa. Mita 350 ni tofauti kati ya handaki la adui na zahanati, au kati ya adui na wenzako.

Silaha iliyotajwa kuliko zote katika vita vile ni ile ambayo watu waliipa jina la Saba Saba. Ni lori lenye mabomba 40, na kila bomba lina kombora la upana wa milimita 122. Mabomba yote 40 humalizika kwa muda wa sekunde 20 hivi, na makombora hufika umbali wa kilomita 20. Yalipoanza kuvuka mto Kagera mwezi Novemba 1978, askari wengi wa Amin waliokuwa ng'ambo walikimbia kwa mlio tu.

Hapa nyumbani tuna ushahidi wetu wa gharama ya kufyatua kabla ya kuhakikisha. Mwanzoni mwa vita hivyo, ndege zetu wenyewe tatu za kivita zilitunguliwa na walinzi wetu wenyewe hapa Musoma, kwa kudhaniwa kuwa za adui. Walinzi wale hawakukosa ushujaa wala ukali. Kilichokosekana ni habari sahihi kwa wakati wake. Upande wa adui nao, mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa na Kanali Gaddafi kumsaidia Amin, ililenga matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Watu walicheka, lakini hesabu mbaya iliyoua swala siku ile ingeweza kuua mji.

Miaka ya nyuma nikifanya kazi Bunda, alikuwa akija ofisini mzee mmoja aliyekwenda vitani akiwa mwanamgambo. Alikuja kwa mambo yake ya kiwanja, lakini mazungumzo hayakosi kupotea njia. Alinieleza kwamba katika miezi saba ya vita hakuwahi kumwona askari wa Amin aliye hai. Kazi yake ilikuwa kubeba masanduku ya makombora kutoka lori hadi kwenye mizinga, na kuyahesabu. Usiku akiyahesabu kwa kuyapapasa. Kilichomtisha hakikuwa kifo, alisema, bali kuulizwa yamebaki mangapi akakosa jibu. Nikaona kwamba mzee huyu anaijua kazi ya serikali kuliko wengi wetu wenye vyeti.

Mutukula

Mwanzoni mwa Januari 1979 adui alikuwa amekwisha kutolewa katika ardhi yetu. Lakini Mutukula, mji mdogo wa Uganda ulio mpakani, upo mahali pa juu, na kutoka pale mizinga ya Amin ingeweza kuendelea kutupiga. Usiku wa tarehe 21 Januari majeshi yetu yakauendea, yakautwaa. Kwa ushindi huo Musuguri akapata jina lililodumu naye: Jenerali Mutukula.

Ndugu zangu, habari za Mutukula husimuliwa mpaka hapo, na mimi nisingependa kuishia hapo. Askari wetu walikuwa wameona yaliyofanyika Kagera, vijiji vilivyochomwa na maiti za raia, na wakaingia Mutukula na uchungu huo. Mji ukalazwa chini, kwa makombora kwanza, kisha kwa matingatinga. Na raia waliuawa, ambao hawakuwa wamemtuma Amin mahali popote.

Mwalimu alipopata habari hizo alihuzunika sana. Akatoa amri kwamba kuanzia hapo raia wa Uganda na mali zao visiguswe, kwa kuwa ugomvi wetu ni na Amin na jeshi lake. Ni amri rahisi kuiandika Dar es Salaam. Ni amri ngumu kuitekeleza ukiwa na maelfu ya vijana wenye silaha, waliochoka, wenye sababu ya kuchukia, katika nchi ya watu. Kazi hiyo ngumu iliwaangukia Musuguri na makamanda wake.

Nasema iliwaangukia, sisemi kwamba iliwatokea vizuri siku zote. Masaka ulitekwa tarehe 24 Februari baada ya usiku mzima wa mizinga. Wengi wa wakazi walikuwa wamekwisha kukimbia, lakini majengo mengi yaliyosalia yalibomolewa baada ya mapigano kwisha, kulipiza Kagera. Hasira hasara, walisema wahenga, na hasara ya Masaka iliwakuta watu tuliosema tunakwenda kuwakomboa.

Lukaya

Kati ya Masaka na Kampala barabara hupita katikati ya kinamasi, penye mji mdogo wa Lukaya. Huko, tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 chini ya Imran Kombe, ambayo wengi wake walikuwa wanamgambo wageni wa vita, ilikutana na vifaru na makombora ya Walibya na askari wa Amin. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa vyao bila kuwaumiza, lakini mlio ule ule uliowakimbiza askari wa Amin Kagera sasa ukawakimbiza wetu. Safu ikavunjika.

Kamanda mwenye hasira angefanya nini saa ile? Angewarudisha watu wake wale wale mbele kwa vitisho, wakafie kinamasini. Au angeagiza mizinga yote ipige gizani, ikaue adui na wetu pamoja. Kilichofanyika ni kutazama ramani. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa kugeuka na kutembea usiku ili ifike kwenye barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 adui alijikuta anapigwa ubavuni na Brigedi ya 208, na mbele na Brigedi ya 201, ambayo ilikuwa imekwisha kujipanga upya. Walibya wapatao 200 na askari wa Uganda idadi kama hiyo walikufa pale. Lilikuwa pambano kubwa kuliko yote katika vita vile, na baada yake jeshi la Amin halikusimama tena kama jeshi.

Napenda vijana mkumbuke kwamba wale wa Brigedi ya 201 waliokimbia jioni ndio waliopigana asubuhi. Mtu kukimbia mara moja hakumalizi habari zake. Walipangwa vizuri, wakapewa kazi iliyo sawa na uwezo wao, wakaifanya.

Kujua mahali pa kunyamaza

Mwanzoni mwa Aprili majeshi yetu yalikuwa Mpigi. Kutoka huko mizinga ya masafa marefu iliweza kuifikia Entebbe, na ikafyatuliwa kuelekea huko. Amin, aliyekuwa Ikulu ya Entebbe, akaondoka kwa helikopta kwenda Kampala. Tarehe 7 Aprili Brigedi ya 208 ikauteka uwanja wa ndege wa Entebbe, na Walibya wengi wakafa.

Ikabaki Kampala. Jeshi lenye mizinga likisimama nje ya mji mkuu wa adui, jambo rahisi kuliko yote ni kuupiga mji mpaka unyamaze. Miji mingi ya dunia imekwisha kwa njia hiyo. Lakini mpango uliofuatwa uliacha barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, wazi kwa makusudi. Walibya waliobaki walipewa nafasi ya kuondoka kwa njia hiyo, ili wasilazimike kupigana nyumba kwa nyumba na kuugeuza mji kuwa kaburi. Wako waliosema adui anaachwa aponyoke. Majeshi yetu yaliingia Kampala tarehe 10 Aprili, na tarehe 11 mji ukawa mikononi mwetu. Kulikuwa na uporaji mkubwa, na sifichi. Lakini Kampala ulibaki mji. Ukiiweka Mutukula ya Januari kando ya Kampala ya Aprili, unaona umbali ambao jeshi hilo lilitembea, nao haupimwi kwa kilomita.

Tarehe 3 Juni 1979 majeshi yetu yalifika mpaka wa Uganda na Sudani, vita vikaisha. Tanzania ilipoteza askari 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Hebu zitazameni vizuri tarakimu hizo. Karibu askari watatu kati ya kila wanne tuliowazika hawakuuawa na adui katika mapigano. Ndiyo maana nasisitiza hesabu na utaratibu. Wengi wa mashujaa wetu wamelala Kaboya, Muleba, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka.

Na nchi nzima ililipa. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Wazee mliopo hapa mnajua kwamba mikanda ile ilifungwa kwa muda mrefu zaidi ya huo. Sisi tuliozaliwa vita vikiisha tulikua tukidhani kwamba foleni ya sabuni na sukari ni sehemu ya maumbile ya dunia.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1980 Musuguri aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Katika miaka yake minane majeshi yetu yalirudi kutoka Uganda, na vikosi vingine vikapelekwa Msumbiji kuwasaidia ndugu zetu. Mwaka 1988 akastaafu, na nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali Ernest Mwita Kiaro, naye mtu wa mkoa wetu.

Mtu aliyeongoza divisheni iliyoiangusha serikali ya nchi jirani, kisha akawa juu ya jeshi zima la nchi yake wakati wa shida kubwa ya uchumi, katika bara ambalo miaka ile majenerali walikuwa wakiamka asubuhi na kutangaza redioni kwamba wao ni marais, alifanya nini? Alimtii Rais aliyemteua. Rais huyo alipong'atuka mwaka 1985, akamtii aliyefuata, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Muda wake ulipofika akakabidhi ofisi, akarudi Butiama. Akaishi huko miaka zaidi ya thelathini kama wazee wengine, na huko akazikwa. Idi Amin, askari mwenzake wa Kahawa, alikufa Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003, ugenini, akiwa ameiacha nchi yake katika magofu.

Ndugu Mwenyekiti, kama nikiulizwa na vijana tofauti ya askari wale wawili ilikuwa nini, sitajibu kwamba mmoja alikuwa mpole. Musuguri hakuwa mpole, na jeshi halitaki mtu mpole. Tofauti ni kwamba nguvu za mmoja zilikuwa na mahali pa kujibu, za mwenzake hazikuwa nako. Mzinga mkubwa kuliko yote, kama hauna mwangalizi wa kuusahihisha na mkubwa wa kuuambia basi, ni hatari kwa wenye nao. Na hili si la askari peke yao. Sisi tulio maofisini tunashika mihuri na saini, na saini nayo hufika mbali mno na kumwangukia mtu usiyemwona. Mwalimu wa darasa anashika fimbo. Kiranja anashika daftari la majina. Kila mmoja wetu ajiulize ni nani anayemwambia pale kombora lake lilipoanguka.

Nina maombi mawili, kisha niketi.

La kwanza ni kwa chama chetu. Wanamgambo na askari wa mkoa huu waliokwenda Kagera wanazeeka na kufa. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1979 sasa anakaribia sabini. Majenerali wameandikwa vitabuni. Waliohesabu masanduku hawakuandikwa. Napendekeza chama kinunue madaftari na vinasa sauti vichache, na wanafunzi wa somo la historia, wakiongozwa na walimu wao, waende wakati wa likizo kwa wazee hao, Musoma Vijijini, Bunda, Butiama, Serengeti, Tarime na Rorya, wawaulize na kuandika. Waandike majina, vikosi, njia walizopita, walichokula, wenzao waliowazika. Waandike na mambo yasiyo ya fahari. Maandiko hayo yawekwe katika maktaba ya shule hii. Mimi nitatoa mchango wa kwanza leo kabla ya chakula.

La pili ni kwenu vijana. Wengine wenu mtaingia jeshini, na mkoa wetu una desturi hiyo, nawatakia heri. Mkienda, msiende kwa ajili ya kuonyesha ukali wa watu wa Mara. Nendeni mkijua hesabu, mkijua kusoma ramani, na mkijua kwamba amri ya kuacha kufyatua ni amri kama nyingine, na inataka moyo mgumu zaidi kuitii.